PVX yangu imeacha kuitupa GFP

Kijani cha GFP (protini inayong'aa kijani), kilichobebwa na PVX (kirusi X cha viazi), kimefika juu na safari hii kimebaki! Majani machanga kabisa ya Nicotiana benthamiana, mmea jamaa wa tumbaku, yale ambayo sirinji haikuyagusa, yanang'aa chini ya taa ya urujuanimno, na kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA kwa ukubwa kuna mstari mmoja tu, ule mkubwa. Picha ya jeli hiyo nimeibandika ukutani juu ya benchi langu.

Waliofuatilia kumbukumbu hizi wanajua nilikokwama. Vekta (kirusi kilichogeuzwa kubeba jeni) niliyoanza nayo ni ya mtindo wa Chapman, Kavanagh na Baulcombe wa mwaka 1992: jenomu ya PVX, nukleotidi zipatazo 6,400, yenye promota (swichi ya kuwashia jeni) ya protini ya ganda iliyowekwa mara mbili. Moja inaendesha jeni yako, nyingine inaendesha ganda. Pale ulipochoma jani kwa sirinji panawaka vizuri sana. Majani ya juu nayo yanaanza vizuri, kijani kinaonekana kando ya mishipa kisha kinasambaa. Baada ya hapo yanatokea mabaka, na majani yanayochipua baadaye yanatoka mekundu matupu kwa klorofili, huku mozeki ya kirusi, yaani mabaka ya ugonjwa, ikionekana wazi hata kwenye mwanga wa kawaida. Kirusi kipo tele, mzigo wangu haupo.

Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Wenzangu waliniambia mmea umeinyamazisha jeni. Sikukubali, kwa sababu mmea ukinyamazisha, unaikata RNA ya kirusi chote, na mozeki isingekolea namna ile. Wengine wakasema ni joto. Hapo walikuwa na hoja: Agrobakteria, bakteria wanaobeba vekta hadi kwenye jani, hustawi kwa nyuzi 28, lakini kuingiza T-DNA (kipande cha DNA wanachohamisha) kwenye seli wanataka ubaridi zaidi, na jijini Dar es Salaam chumba kisicho na kiyoyozi hakikupi huo. Tulishusha hadi 22. Madoa ya sirinji yakang'aa zaidi. Majani ya juu yakabaki na tabia yake ile ile.

Jibu lilitoka kwenye RT-PCR (kunakili RNA kuwa DNA na kuizidisha) yenye praima (vipande vifupi vya kuanzishia nakala) zinazoshika pande zote mbili za GFP. Jani lililochomwa: mstari mkubwa. Jani la katikati: mikubwa na midogo pamoja. Jani changa: mdogo tu, ukiwa umepungua karibu sawasawa na urefu wa GFP pamoja na promota moja. Kimeng'enya kinachonakili RNA ya kirusi kinafika kwenye promota ya kwanza, kinakutana na mfuatano uleule mbele, kinarukia huko, na kila kilichokuwa katikati kinaachwa. Na nakala fupi hunakiliwa haraka kuliko ndefu, kwa hiyo ikishazaliwa moja, baada ya majani machache ndiyo inayotawala. Ukiwa na mfuatano unaojirudia ndani ya kirusi cha RNA, hata uwe na chumba kizuri na mikono myepesi kiasi gani, utapoteza.

Kwa hiyo dawa ni kuondoa kufanana. Dickmeis na wenzake walionyesha njia mwaka 2014: promota moja uikope kwa binamu wa PVX, kirusi cha mozeki cha mianzi, na ukate kipande kidogo mwanzoni mwa jeni ya ganda ambacho nacho kilikuwa kinajirudia. Ganda linavumilia kupoteza kipande hicho. Nikatengeneza hivyo, nikachoma, nikasubiri. Kisha nikasaga majani ya juu, nikapaka utomvu wake pamoja na unga wa karborandamu unaokwaruza jani kwenye mimea mipya, na mimea mipya nayo ikawaka. Mstari mkubwa, peke yake. Nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara kwa furaha.

Neno kuhusu vifaa, maana naulizwa sana. Sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano inatosha kabisa. Pampu ya kuvuta hewa iache mpaka uwe na trei nzima ya mimea. Chomea upande wa chini wa jani, na umwagilie mimea mapema ili stomata ziwe wazi, la sivyo utaliponda jani bure. Kwa picha, zima urekebishaji wa rangi wa simu, kwani simu ikijiamulia yenyewe inaigeuza klorofili nyekundu kuwa ya zambarau na kijani kinafifia.

Nilipanga wiki hii nipime kiasi cha protini kwa gramu ya jani. Sijapima. Nimevutwa na kazi ya Santa Cruz na wenzake ya mwaka 1996, waliounganisha GFP na ganda la PVX kupitia 2A, kipande kifupi kinachotoka kwenye kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo. Ribosomu ikifika kwenye 2A mara nyingi huachia protini ya kwanza na kuendelea na ya pili, mara nyingine haiachii, kwa hiyo unapata ganda tupu na ganda lenye GFP mgongoni, na kirusi kinajijenga kwa yote mawili. Promota inabaki moja! Hakuna cha kurukia, na ukataji wowote unaovuruga fremu ya kusoma jeni unaua ganda, na PVX isiyo na ganda haisambai. Fikiria antijeni (protini inayoamsha kinga) ikiwa imepangwa juu ya uzi mzima wa kirusi badala ya GFP.

Praima nimeshachora, PCR ya GFP-2A imetoka safi, na ligesheni (kuunganisha vipande vya DNA) iko kwenye mashine kwa nyuzi 16 hadi asubuhi.