Prosesa iliyoganda kwenye megahezi 798 imefunguka

Imefunguka! Core i5-4590 iliyonisumbua muda wote huu sasa inapanda mpaka gigahezi 3.7 kiini kimoja kikibeba kazi, na vyote vinne vikibanwa pamoja haishuki chini ya 3.3. Nimeiwashia stress-ng, programu ya kuibebesha prosesa kazi nzito, tangu alasiri na bado imeshikilia.

Ya kawaida nayapita haraka. Mpango wa umeme wa Windows, biosi kurudishwa ilivyotoka kiwandani, betri ya biosi, pawa saplai ya kuazima: hakuna kilichosaidia. Prosesa yenyewe niliihamishia mashine nyingine, ikakimbia vizuri tu. Joto lake halikuwahi kuvuka nyuzi 45.

Kwa hiyo nikahamia Linux, maana huko nasoma rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa vinavyoonyesha hali yake) mwenyewe bila kungoja dirisha la programu linitafsirie. Rejista 0x19C ikanipa jibu: biti 0 imezima, yaani prosesa haijioni kuwa ina moto, lakini biti 2 imewaka. Biti 2 maana yake ni kwamba kifaa kingine kwenye mazabodi ndicho kinachovuta waya wa PROCHOT, yaani waya wa tahadhari ya joto, na kuilazimisha prosesa ipunguze mwendo.

Hapa ndipo kila niliyemuuliza alinipa dawa ileile: zima biti 0 ya rejista 0x1FC ili prosesa isiusikilize waya huo, au weka tiki kwenye ThrottleStop, programu ya Windows inayofanya hivyohivyo, maisha yaendelee. Nilijaribu kwa wrmsr, amri ya Linux ya kuandika kwenye rejista, na kasi ikaruka papo hapo. Lakini sikuiacha hivyo, na jambo hili linanikera kweli. ThrottleStop ni chombo kizuri sana cha kupimia, nakitumia na nitaendelea kukitumia. Ila kumuuzia mtu mashine ambayo king'ora chake kimekatwa, bila kumwambia, ni kumwonea. Siku mosfeti, zile swichi ndogo zinazoilisha prosesa umeme, zitakapopata moto wa kweli hakutakuwa na wa kuizuia prosesa, na mazabodi itaungua mikononi mwake.

Nilitaka kumjua anayevuta waya. Nikaandika skripti fupi ya kusoma biti 2 kila sekunde na kuandika saa, nikaiacha usiku kucha. Matokeo yalikuwa kinyume cha nilivyotarajia: alfajiri, mashine ikiwa ya baridi, biti inawaka muda wote. Mchana, ikishafanya kazi sana, inazima kwa vipindi na kasi inarudi. Kengele ya joto inayonyamaza kukiwa na joto! Nikaanza kufikiria unyevu. Mashine hii ilikaa miaka ofisini hapa Tanga, karibu kabisa na bahari, dirisha wazi.

Kwenye hizi mazabodi, chipu inayosimamia umeme wa prosesa hupima joto la mosfeti kwa thamista, kipimajoto kidogo cha umeme, na upinzani wa thamista hiyo hushuka kadiri joto linavyopanda. Yangu ni ya aina ya kilo-omu 100 kwenye nyuzi 25; kwenye nyuzi 100 inabaki na kama kilo-omu 6 hivi. Kwa hiyo chochote kinachopitisha umeme kandokando yake kitaifanya chipu iamini mosfeti zinaungua.

Niliipata pembeni ya koili, ndogo kuliko punje ya ufuta, imezungukwa na utando mweupe wenye ukijani. Nikaibandua kwa hewa ya moto na kuipima nje: kilo-omu 80 na ushei, sawa kabisa kwa joto la chumba changu. Thamista ni nzima. Nikapima pale ilipokuwa imekaa, patupu: kilo-omu 7. Nikapahemea kidogo, namba ikaporomoka mpaka 4, kisha ikapanda taratibu pumzi ilipokauka. Niliachia kelele peke yangu.

Multimita yangu ni ile ya njano ya bei ya chini kabisa, na kwa kazi hii haina upungufu wowote. Usidanganywe kununua ya bei mbaya. Pasipofaa kubana matumizi ni kwenye spiriti: isopropili ya asilimia 99, siyo ile ya 70 yenye maji. Nimesugua kwa mswaki laini, nikakausha kwa hewa ya moto ya kiwango cha chini, nikapima tena. Nikapahemea, namba haikutikisika. Thamista ikarudi mahali pake na mashine ikawaka na kasi yake yote. Safari hii 0x1FC sijaigusa.

Nilikuwa nimepanga leo kuongeza ramu na kubadilisha pesti ya prosesa. Vimesubiri. Ninachotaka sasa ni kupaka vanishi ya kuzuia unyevu eneo lote la mosfeti, kisha kuibeba ile skripti kwenye mashine nyingine mbili za hapa mtaani ambazo zimeandikwa “prosesa mbovu”. Moja nimeshaifungua. Kandokando ya koili kuna utando uleule.