Aliyeficha mashine darini

Katika historia nzima ya saa za springi, ninayemhusudu si Breguet, fundi maarufu wa kale, wala Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex. Ni Charles Vermot, fundi wa kiwanda cha Zenith kule Le Locle, kwenye milima ya Jura, Uswisi.

Januari 1969 Zenith walitangaza El Primero, kronografu, yaani saa ya mkononi yenye kipima muda cha mbio, inayojijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono wa mvaaji. Kabla ya hapo kronografu zilikuwa za kutiwa ufunguo. Gurudumu lake dogo linaloyumba hupiga mara 36,000 kwa saa, yaani mara kumi kila sekunde, na saa nyingi za kifahari za leo bado hazijafika hapo. Mwaka huohuo Heuer na Breitling kwa upande wao, na Seiko wa Japani kwa upande wake, nao walitoa za kwao. Ubishi wa nani alitangulia una watu wake, siuingii.

Pigo kwa saa za springi lilikuja siku ya Krismasi. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko waliingiza sokoni Astron, saa ya mkononi ya betri na fuwele ya kwatsi, kwa yen 450,000, bei ya gari dogo. Haikukosea zaidi ya sekunde tano kwa mwezi. Seiko 5 yangu, saa ya springi, hupoteza hizo kabla siku mbili hazijaisha. Nilipomlalamikia fundi wangu hapa Tanga, alicheka: “Mjomba, ukitaka iende sawa na simu, nunua simu.” Kumbe Waswisi waliambiwa hivyohivyo na soko zima. Mwaka 1970 walikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000; katikati ya miaka ya themanini walibaki kama 30,000.

Zenith ilikuwa imeshanunuliwa na kampuni ya redio na televisheni ya Chicago, yenye jina hilohilo la Zenith. Mwaka 1975 amri ikatoka: saa za springi basi, mashine na vifaa vyake viuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Vermot akaandika barua kuwasihi. Hawakumjibu. Basi akaanza kuvipandisha darini kimyakimya: mashine za kukatia vyuma, vifaa vya kutengenezea vipuri, michoro. Kila kimoja alikitia alama, kisha akaandika kwenye daftari kimewekwa wapi na kinatumikaje.

Nyinyi mnaoniuliza kila wiki kama saa ni uwekezaji, someni hapo mara mbili. Thamani ilikuwa kwenye lile daftari. Miaka ya themanini, kiwanda kikiwa kimerudi mikononi mwa Waswisi, vitu vya darini vilishushwa na El Primero ikaanza kutengenezwa tena, bila kununua vifaa vyote upya. Mwaka 1988 Rolex wenyewe wakaichukua injini ya El Primero, yaani mtambo wake wa ndani, wakaibadilisha sana, wakashusha mapigo hadi 28,800, wakaiweka ndani ya Daytona, kronografu yao. Walidumu nayo hadi mwaka 2000.

Najua mtanitajia Daytona ya mwigizaji wa Marekani Paul Newman, iliyopigwa mnada New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Ile ni ya zamani zaidi, ya kutia ufunguo, na mgongoni mkewe, Joanne Woodward, alichongesha maneno ya kumtaka aendeshe gari kwa uangalifu. Kwa maoni yangu, pesa zile zililipiwa Newman na ndoa yake. Magurudumu ya ndani yalikuwa ya kawaida tu, na zamani Daytona kama hiyo ilikuwa ikidoda dukani.

Mimi nikipata fedha ya maana, sitaigusa Daytona. Nitatafuta Zenith iliyotumika yenye El Primero. Mapigo yake 36,000 hayajapunguzwa, na bei yake kwa kawaida iko chini mno ya ile ya Daytona iliyoazima injini yake.