Toleo la kwanza au chapa ya kumi? Pa kuangalia kabla hujatoa hela

Ukinunua kitabu cha zamani kwa bei ya toleo la kwanza, jalada lisikuvutie kwanza. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye maandishi madogo ya hakimiliki. Wanunuzi wengi hapa Kampala wanaona "First published 1958" ndani ya Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe, wanalipa papo hapo. Mstari huo haufutwi hata kitabu kikichapwa mara ishirini. Shuka chini yake: ukikuta "Reprinted" na miaka imepangwa, mwaka wa mwisho ndio wa nakala uliyoshika.

Toleo la kwanza la riwaya hiyo lina jalada gumu, nalo lilitolewa na William Heinemann, London, 1958. Zile nakala za jalada laini zenye rangi ya chungwa tulizozoea shuleni ni za African Writers Series, mfululizo wa vitabu wa Heinemann ulioanza 1962. Nakala ya 1962 isiyo na "Reprinted" ni nzuri kuwa nayo, ila usiilipie bei ya 1958.

Weep Not, Child ya 1964, ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika akiwa mwanafunzi Makerere, inahitaji jicho kali zaidi. Jina James Ngugi, alilotumia zamani, kwenye jalada linaonyesha nakala ni ya zamani, basi. Chapa za baadaye katika miaka ya 1960 zilikuwa na jina hilohilo. Tafuta orodha ya vitabu vingine vya mwandishi. A Grain of Wheat ikitajwa humo, nakala haiwezi kuwa ya 1964, maana riwaya hiyo ilitoka 1967.

Bei iliyochapwa nayo inasema. Uingereza iliacha shilingi na peni za zamani Februari 1971, kwa hiyo jalada lenye bei ya peni mpya peke yake haliwezi kuwa la 1964. Jalada la karatasi linalovishwa juu ya jalada gumu, likiwa na sifa za magazeti kuhusu kitabu hichohicho pia lishuku: mara nyingi limetoka kwenye chapa ya baadaye na kuvishwa kitabu cha zamani.

Vitabu vya Marekani, hasa kuanzia miaka ya 1970, vina mstari wa namba kwenye ukurasa wa hakimiliki, 10 hadi 1. Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa. Mstari ukiishia 2, ni chapa ya pili. Wachapishaji Random House kwa miaka mingi walienda kinyume: chapa yao ya kwanza ina maneno "First Edition" pamoja na mstari ambao namba yake ndogo ni 2. Maneno hayo yakikosekana, ni chapa ya pili kweli.

Abyssinian Chronicles ya Moses Isegawa huwapotosha hata wazoefu. Ilitoka kwanza kwa Kiholanzi, 1998. Ya Kiingereza ilifuata 2000. Anayekuuzia ya Kiingereza aseme wazi kuwa ni toleo la kwanza la Kiingereza.

Ukishanunua, usibandike selotepu kwenye mgongo uliopasuka. Gundi yake hugeuka njano, huingia kwenye karatasi na haitoki. Muhuri wa maktaba nao uache: unashusha bei, lakini ukiusugua utatoboa ukurasa, na bei itashuka zaidi.