Nimeshika kipande cha Vesta

Jana rafiki yangu anayekusanya vimondo alinipa kipande nikishike. "Kimetoka Vesta," akasema, yaani ile asteroidi, mwamba mkubwa unaozunguka Jua. Nikadhani ananitania. Kilifanana na mawe ya volkano ya kule Arusha, ila kina ganda jeusi linalong'aa kama limepakwa vanishi. Kilianguka Millbillillie, Australia, mwaka 1960.

Kumbe ni lava kweli! Iliganda yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita, kwenye asteroidi hiyo yenye upana wa kilomita 525 hivi. Kidude kidogo vile kiliyeyukaje? Ni joto la alumini-26, aina ya alumini yenye mnururisho: chuma kikazama katikati, lava ikapanda juu, kama ilivyokuwa kwa Dunia yetu. Hapo ndipo nilipoduwaa.

Chombo cha anga cha Dawn kiliizunguka Vesta 2011 hadi 2012, kikakuta miamba yake inafanana na vimondo hivi, na shimo la mgongano la Rheasilvia, lenye upana wa kilomita 500 hivi, ambako vingi vinadhaniwa viling'oka.

Na sisi Tanzania tunacho kimondo cha aina hiyohiyo, jamani: kilianguka Peramiho, 1899, gramu 165 tu. Wote tunakimbilia kupiga picha kimondo cha Mbozi, ambacho ni cha chuma.