Kamba ya Katani Ikinywa Maji

Alhamisi ile jioni sebule ya bibi haikuwa na pa kukanyaga. Mablanketi ya sufu, ngozi za kondoo, chungu cha chuma, vigingi vya mbao vilivyofungwa kumi kumi, viatu vya ngozi vilivyopakwa nta na mafuta mpaka vikang'aa. Nje ilikuwa mvua ya Oktoba ya kusini mwa Uingereza, mvua isiyo na ngurumo wala haraka, inayokaa kutwa kucha kama mgeni asiyeaga.

Namwita bibi kwa sababu amenizidi zaidi ya miaka thelathini. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Hastings, yeye akielekea kustaafu, mimi ndiyo kwanza nimeingia nchini. Kwa miaka mingi alikuwa kwenye kikundi cha watu wanaovaa, kupika na kulala kama watu wa karne ya kumi na moja. Kila Oktoba walikwenda kwenye mji mdogo wa Battle, wakapiga mahema chini ya magofu ya abasia, nyumba ya zamani ya watawa, wakaigiza vita vya tarehe 14 Oktoba 1066, siku ambayo mfalme Harold wa Uingereza aliuawa na jeshi la William wa Normandy likashinda. Mwaka ule aliniambia, "Njoo nasi. Lakini mzigo wako nitaukagua mwenyewe."

Akaukagua kweli. Suruali ya jinsi, nje. Fulana zangu tatu za pamba, nilizodhani ndizo za maana kuliko vyote, nje pia. Hakunihubiria. Alichota maji kikombe, akanimwagia kidogo juu ya fulana na kidogo juu ya kona ya blanketi la sufu. Fulana iliyanywa pale pale. Kwenye sufu maji yalisimama matone matone, kama juu ya jani la myugwa, akayakung'uta kwa mkono. Kisha akaichovya ile kona yote, akaikamua, akanifunga nayo kwenye kifundo cha mkono na fulana mbichi kwenye kifundo cha pili. "Kaa hivyo nikichemsha chai." Chai haijaiva, mkono wenye pamba ulikuwa wa baridi kama samaki. Ule wenye sufu ulikuwa na unyevu, lakini unyevu wa vuguvugu.

Basi mpango ukawa huu: gauni la kitani mwilini, gauni la sufu juu yake, na shuka zito la sufu juu ya yote. Kichwani sikuhitaji kufundishwa. Wanawake wa Kiingereza wa zama zile walifunika nywele kwa kitambaa cha kitani, na mimi ushungi nimeuvaa tangu nasoma chuoni Muheza. Bibi alinitazama nikiuzungusha na kuubana kwa pini moja, akaniomba nimfungie na wake.

Ukutani kwake kulikuwa na picha ya kipande cha kile kitambaa cha Bayeux, chenye urefu wa karibu mita 70, kilichotariziwa kuelezea vita hivyo. Nyuzi ni za sufu, kitambaa chenyewe ni kitani. Kipande alichokichagua bibi si cha mauaji, ni cha watu wa William wakipakia mizigo. Wanapeleka mapipa na mikuki merikebuni, na wengine wamebeba mashati ya pete za chuma, wawili wawili, mti umepitishwa kwenye mikono ya shati kama watu wanaoanika nguo. Nilidhani ni pambo tu. Tulipofika kwenye shati la chuma la mwanawe, lenye uzito kama wa kilo 12 na linaloteleza kama maji ukilishika, bibi alileta mpini wa ufagio, akaupitisha mikono yote miwili. Yeye akashika upande huu, mimi ule, tukalibeba mpaka kwenye gari bila kuumia mgongo.

Chakula nacho kilikaguliwa. Nilikuwa nimebeba sembe kilo moja, nyanya na pilipili mbuzi. Bibi akavitenga vyote vitatu mezani, kwa upole, akasema hivyo asili yake ni Amerika, na Ulaya haikuvijua kabla ya 1492. Nilikaa kimya muda. Sembe! Maana yake Tanga ya mwaka 1066 nayo haikuwa na ugali wa mahindi, haikuwa na muhogo, wala nyanya kwenye mchuzi. Tukafunga shayiri, njegere kavu, kabichi na vitunguu.

Mwisho kabisa akavuta gunia la kamba za hema. Harufu ilinifikia kabla sijaziona. Nikasema, "Hizi ni katani." Akakubali. Alisema za haki zingekuwa za nyuzi za jamii ya bangi, ndizo walizotumia wazee wao, lakini bei yake haishikiki, na kwa mbali za katani zinafanana nazo.

Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge. Baba alikuwa kwenye korona, mashine inayoparua majani ikatoa singa, na nguo zake zilinuka ule utomvu wa majani mabichi hata baada ya kufuliwa. Alitusimulia habari ya Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na ikafika Tanga hai 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 ndipo yakaja mashamba yote tuliyoyajua, na karo zetu za shule. Nikaushika ule mzongo wa kamba mapajani, nikaona aibu kuuachia upesi.

Pambano la Jumamosi lilikwenda salama, na matope yalifika vifundoni. Nilichota maji, nikachochea uji wa shayiri, nikajibu maswali ya watoto. Usiku ndio ninaoukumbuka.

Tulilala juu ya majani makavu na ngozi za kondoo, vitu vyote vikiwa mbali na ukuta wa hema, maana turubai lililolowa ukiligusa kwa ndani hapo hapo linaanza kuvuja. Kama saa nane nikaamka. Mvua ilikuwa imeshika kasi, na ndani yake kulikuwa na sauti nyingine, mlio mwembamba kama wa mlango unaofunguliwa polepole. Nikanyoosha mkono nje, nikagusa kamba. Ilikuwa ngumu kama fimbo.

Kamba ya katani ikinywa maji inanenepa, na ikinenepa inafupika. Hilo hakunifundisha mtu wa Battle. Masika moja baba alinikuta nimemfunga mbuzi shingoni kwa kamba kavu, vizuri kabisa kwa maoni yangu, na wingu limetanda. Alipiga goti, akalegeza fundo, akapitisha vidole vyake viwili kati ya kamba na manyoya. "Vidole viwili vipite, mwanangu. Ikinyesha itajibana yenyewe."

Nikamwamsha bibi. Kigingi kimoja kilikuwa tayari kimeng'oka nusu, turubai limevutwa kama ngozi ya ngoma. Tukatoka na shuka zetu za sufu vichwani, yeye akishika tochi chini ya shuka, tukalegeza kamba moja baada ya nyingine mpaka mlio ukakoma. Nikaenda hema la pili, la tatu. Watu walitoka wakaniangalia ninavyopima kwa vidole, na wao wakapima. Bibi alikuwa akijua kwamba kamba hukaza, aliniambia, lakini miaka yote alisubiri kuona kigingi kimeng'oka. Hakuwahi kuisikia ikilia.

Jumatatu hema lilikuwa limetandazwa nyumbani kwa bibi, kutoka kwenye ngazi hadi jikoni, na kamba zimeanikwa juu ya viti. Nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Baridi imekuua?"

Nikamsimulia yote, mbuzi na vidole viwili. Kwenye mbuzi alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Hizo kamba," akasema, "ni za wapi?"

Nikatafuta. Hakukuwa na lebo wala alama yoyote.

"Singa zake ndefu? Nyeupe au za manjano?"

"Ndefu, baba. Rangi sioni vizuri, zimeshika moshi na matope."

"Basi zinuse."

Nikaweka simu begani, nikainua kamba kwa mikono miwili, nikainusa.