Hanoi mpaka Kunming kwa njia ya reli ya Mfaransa

Treni ya usiku ya Hanoi kwenda Lào Cai inatikisa balaa, na mimi nilipewa kitanda cha juu kabisa, pua na dari karibu vigusane. Asubuhi tukashuka, mpaka uko jirani tu, unavuka daraja kwa miguu unatokea Hekou, Uchina, na saa inaruka mbele lisaa limoja. Afande wa uhamiaji akaigeuzageuza pasi yangu ya Tanzania kama noti anayoitilia shaka, mwishowe akagonga muhuri.

Treni ya zamani ya abiria kutoka hapo kwenda Kunming haipo tena, nikapanda ya reli mpya iliyofunguliwa 2014 mpaka Mengzi, kisha taksi hadi stesheni ya zamani ya Bisezhai, kwenye ile reli ya Mfaransa yenyewe. Kuta za njano, vigae vyekundu, na reli bado ipo, upana mita moja kamili, sawasawa na reli yetu ya kati ya Mjerumani, mtu wa Morogoro kama mimi lazima acheke.

Ila makubaliano yaliyoizaa reli hii hayachekeshi. 1895 Japani kamchapa Mchina na kutaka rasi ya Liaodong, Urusi, Ujerumani na Ufaransa wakambana airudishe. Kumbe msaada ule una bili! Juni hiyohiyo Mfaransa akasainiwa kwamba reli za Vietnam, koloni lake wakati huo, zinaweza kuendelezwa mpaka ndani ya Uchina. Halafu 1898, Mjerumani keshanyakua ghuba ya Jiaozhou, Mrusi yuko Port Arthur, Mfaransa naye akabisha hodi Zongli Yamen, ndo wizara ya mambo ya nje ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala Uchina, pale Beijing, akatoka na reli ya Yunnan, jimbo lenye Kunming, pamoja na ghuba ya Guangzhouwan. Mchina kazi yake kutoa ardhi tu. Hayo mnayaita mazungumzo?

Mkataba wa kina ukaja 1903, na hapo nawapa heko maafisa wa Qing, maana kilibaki kipengele kwamba baada ya miaka 80 Uchina inaweza kukaa mezani kuidai reli. Mnyonge akishindwa kukataa anatafuta tarehe.

Ujenzi ulianza 1904, treni ikafika Kunming 1910, kilomita 465 hivi upande wa Uchina, milima mitupu, na vibarua zaidi ya 12,000 walikufa, malaria, maporomoko, kila kitu.

Kunming kuna makumbusho ya reli kwenye stesheni ya kaskazini, nendeni, kuna behewa la Kifaransa lenye injini na matairi ya mpira linalokimbia juu ya reli, nililizunguka weee mpaka mlinzi akaanza kuniangalia vibaya. Na ile miaka 80 wala haikusubiriwa, 1946 Ufaransa iliachia haki zake kwa mkataba mwingine, Qing yenyewe ilishaanguka zamani.