Jinsi nilivyojaribu kuihesabu korona nikiwa nyumbani Mombasa

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, na siku chache baadaye shule zikafungwa. Mwalimu wa hesabu asiye na darasa ni mtu wa hatari. Nilifungua laptopu, nikatengeneza jedwali la safu mbili, tarehe na idadi, na kila alasiri Wizara ya Afya ilipomaliza kutoa taarifa niliongeza mstari.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Tarehe 26 Machi walikuwa 31, tarehe 31 wakawa 59, yaani karibu maradufu kwa siku tano. Nilipochora kwa logi, yaani kipimo ambacho kila hatua ya kupanda ni kuzidisha badala ya kujumlisha, nukta zilijipanga kama wanafunzi paredi, nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Kisha tarehe 1 Aprili wakafika 81, na tarehe 2 wakawa 110. Karibu maradufu kwa siku mbili! Nikauvuta mstari hadi Aprili 30, ukanipa watu milioni 1.8. Usiku huohuo nikaitupa namba hiyo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Shangazi yangu wa Likoni akaenda kununua unga wa miezi miwili.

Asubuhi shemeji akanipigia. Yeye ni mtu wa maabara, wala hakunisuta. Aliuliza tu, "Mwalimu, hao wa jana wametoka katika wangapi waliopimwa?"

Safu hiyo sikuwa nayo. Wasafiri waliotua siku za mwisho kabla ndege za kimataifa hazijasimamishwa walikuwa wamewekwa karantini ya lazima, na siku zile ndipo walipokuwa wakipimwa kwa wingi. Aliyeongeza mwendo ni mpimaji, nami nikadhani ni ugonjwa.

Nikaongeza safu tatu: sampuli zilizopimwa, wagonjwa waliopatikana karantini, na walioambukizwa humu nchini. Hao wa mwisho walikuwa wachache mno kuchorea mstari wa maana.

Kilichonitoa gizani ni hesabu moja ya Wuhan. Tarehe 17 Januari 2020 China ilikuwa imethibitisha wagonjwa 41 mjini humo, lakini watatu walikuwa wameshaonekana nje: wawili Thailand, mmoja Japani. Watafiti wa Imperial College London wakajiuliza swali kinyumenyume: mji uwe na wagonjwa wangapi ndipo watatu waonekane ng'ambo? Uwanja wa ndege wa Wuhan ulikuwa ukihudumia eneo la watu milioni 19, na abiria 3,301 walikuwa wakiruka kwenda nje kila siku. Tangu mtu aambukizwe hadi agundulike wakakisia siku 10. Kwa siku hizo wanaondoka 33,010, mtu mmoja katika kila 575 hivi. Basi kila mgonjwa anayeonekana nje anasimama badala ya 575 walio ndani. Kalkuleta yangu ilitoa 1,727, wao waliandika 1,723. Nilirudia mara nne, kwa raha tupu. Namba tatu ambazo hata mwanafunzi wa kidato cha pili angezizidisha! Tena hawakujifanya wanajua sana, maana waliweka wazi kwamba huenda ni 427, huenda ni 4,471.

Basi nami nikaacha kutoa namba moja. Nikaandikia familia upya: kutoka 110, wakiongezeka maradufu kila siku 14, mwisho wa Aprili watakuwa 440. Kila siku 7, 1,760. Kila siku 5, zaidi ya 5,300. Shangazi akajibu, "Mwanangu, sasa unga ninunue wa wangapi?"

Aprili 30 waliothibitishwa walikuwa 396, chini hata ya makadirio yangu ya chini. Nilijiona nimeponea chupuchupu, hadi watafiti wa Kilifi walipotoa matokeo ya kingamwili, alama ambazo mwili huacha ukishapambana na virusi, katika damu ya wachangiaji 3,098, iliyokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni. Kwa Mombasa walikadiria 8 katika kila 100 walikuwa wameshapitiwa na virusi. Wakati huo waliothibitishwa nchi nzima walikuwa takriban 4,000, na Mombasa peke yake, kwa sensa ya 2019, ina watu milioni 1.2.

Nilimpigia shemeji. Akacheka, akasema alijua ningepiga.

Lile jedwali bado ninalo. Safu ya pili nimeibadilisha jina. Haiitwi tena "idadi", inaitwa "waliopatikana".